Karatasi ya Munganga na Kesi ya Mtoto

Huku Naviundu, mjini Lubumbashi, mtoto akiharibiwa, hukumu hutolewa uani kabla mzazi hajafika parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Yanayosemwa nayajua, na mengi yanamfungia mtoto mlango wa haki.

"Munganga hakuona kidonda, basi hakuna kesi." Hili ndilo baya kuliko yote. Mwili wa mtoto hupona upesi, na maovu mengi hayaachi alama hata siku ile ile. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wasichana 36 waliokuwa na mimba: ni 2 tu waliokutwa na alama za wazi za kuingiliwa. Nao wana mimba! Ndiyo maana munganga (daktari) mwadilifu haandiki kwenye karatasi yake "hakuna kilichotokea". Huandika kwamba alichokiona hakipingani na maneno ya mtoto. Anayeisoma karatasi hiyo kama cheti cha kumsafisha mshtakiwa anaipotosha. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Kassim Ali mwaka 2006, ilisema wazi kwamba ushahidi wa daktari ukikosekana kesi haifi: ubakaji waweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendewa, au kwa mazingira ya tukio. Hata hivyo mpeleke mtoto hospitali mapema. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72.

"Basi wampime bikira." Hapana. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi, tena kinamuumiza anayepimwa.

"Mwanasaikolojia aje aseme nani anadanganya." Hapa wanaowatilia shaka wataalamu wana hoja, nami nawaunga mkono nusu ya njia. Hakuna elimu inayompa mtu uwezo wa kupima ukweli wa mtoto kama anavyopima homa. Kazi hiyo ni ya jaji. Lakini wakili akiuliza kwa nini mtoto alinyamaza miezi sita, au kwa nini bado anamsalimu mjomba aliyemtendea, mtaalamu ndiye wa kueleza jinsi hofu inavyomfunga mtoto mdomo. Akiishia hapo, mahakama imsikilize.

"Mtoto asiposimama mbele ya mshtakiwa, ushahidi wake si kitu." Kesi ya ubakaji wa watoto ya Kavumu, kule Kivu Kusini, ilijibu. Watoto wadogo walihojiwa na watu waliofunzwa kazi hiyo, maneno yao yakarekodiwa kwa video, na madaktari wakaleta matokeo ya vipimo. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo, Frederic Batumike.

"Familia ijitafutie mtaalamu." Sheria ya Kongo namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006, kifungu cha 14 bis, inamtaka mwendesha mashtaka au jaji amwite daktari na mwanasaikolojia yeye mwenyewe, bila kungoja kuombwa. Sheria hiyo hiyo inakataza kesi hizi kuzimwa kwa kulipa faini.

Mzazi mwenzangu, ukifika parke kitaje kifungu hicho kwa namba yake, na uulize ni munganga gani aliyeitwa, na mwanasaikolojia gani. Usiondoke bila kujibiwa.