Ushahidi wa Uongo Madhabahuni

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sipendi kubishana na wahenga, lakini methali hii siku hizi inatumika vibaya. Iliposemwa zamani, msemaji alijulikana kwa jina na kwa ukoo, na aliyesemwa aliweza kuitwa barazani akajibu. Leo neno linatoka mahali pasipojulikana, linapita katika simu za watu mia, na Jumapili linapandishwa madhabahuni. Likishuka kutoka hapo halina tena mwenyewe. Limekwisha kuwa Neno la Mungu.

Mimi ni mkazi wa Chang'ombe, wilaya ya Temeke. Ukitembea Jumapili asubuhi kutoka Maduka Mawili kwenda Keko utapita makanisa ya kila namna: yenye mnara, yenye turubai, yaliyopanga ukumbi, na yanayokutana darasani. Sina ugomvi na turubai. Wako wanaume walioacha pombe chini ya turubai, na nyumba zikapona. Ugomvi wangu ni na aina moja ya mahubiri, ambayo nimeyasikia katika makanisa makubwa na madogo. Ni yale yanayosema kwamba dunia inaendeshwa na watu wachache waliojificha. Kwamba mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni ni 666. Kwamba kitambulisho ni alama ya mnyama. Kwamba kila tajiri ni Freemason. Na kwamba sindano ya chanjo ina jambo ndani yake.

Wengi hucheka na kusema ni upuuzi usiomdhuru mtu. La hasha. Uvumi wa namna hii hutaja mtu wa mbali, lakini humwangukia mtu wa karibu. Anayetuhumiwa kwa jina ni bepari fulani wa ng'ambo, ambaye hata hajui kama kuna mahali panaitwa Chang'ombe. Anayeumia ni muuguzi wa zahanati ya mtaani, anayetazamwa kama muuaji, na mtoto anayekosa kinga.

Tuchukue mfano mmoja. Aprili 2018 nchi yetu ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Aprili 2024 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mama mmoja jirani yangu, muuza maandazi, alimzuia binti yake asiende shule siku ya chanjo. Nikamwuliza sababu.

"Mzee wangu, mchungaji amesema chanjo hiyo inafunga vizazi vya watoto wetu."

"Yeye ameambiwa na nani?"

"Hakuambiwa na mtu. Ameonyeshwa."

Neno hilo ndilo msiba wetu. Mtu akisema ameambiwa, unaweza kumfuata aliyemwambia. Akisema amesoma, unaweza kukiomba kitabu. Akisema ameonyeshwa, mlango umefungwa, na ukiendelea kubisha hodi unaitwa mpinga Roho.

Hebu tupime jambo lenyewe. Saratani hiyo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Siku ambayo binti huyo, Mungu apishe mbali, atapelekwa Ocean Road, mchungaji atakuwa amehamia mji mwingine, na hakuna atakayekumbuka mahubiri ya Jumapili ile. Tena ugonjwa unaotajwa ndio unaowanyang'anya wanawake vizazi, kwa upasuaji na kwa mionzi. Basi, aliyejidai kulinda kizazi ndiye aliyekiacha wazi. Hasara analipa mwingine, tena aliyekuwa mtoto asiyeulizwa neno.

Nitajibiwa kwamba njama zipo kweli. Nakubali kabisa. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi waugue kaswende bila tiba ili ichunguze maendeleo ya ugonjwa. Na hapa kwetu, katika mwaka wa fedha 2005/06, shilingi bilioni 133 zilichotwa isivyo halali kutoka Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA, iliyokuwa Benki Kuu. Mtu anayetuambia tuamini kila mkubwa ametusahau sisi ni nani.

Lakini ndugu msomaji, angalia njama hizo zilijulikanaje. Ya Tuskegee ilifichuliwa na mtumishi wa zamani wa idara hiyohiyo aliyewapa waandishi wa habari nyaraka. Ya EPA ilisemwa Septemba 2007 hapa hapa Temeke, viwanja vya Mwembeyanga, Dakta Willibrod Slaa aliposimama na kusoma majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Alisema kwa jina lake, mchana, na aliyetajwa aliweza kumpeleka mahakamani. Kisha wakaguzi wa hesabu wakafungua vitabu, na Januari 2008 Gavana akaondolewa. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa katika maono. Njama ya kweli ina stakabadhi, ina saini na ina tarehe. Ile ya madhabahuni haina hata kimoja, na kukosa ushahidi kwenyewe huhesabiwa kuwa ushahidi: "Mnaona walivyo wajanja, hawakuacha alama!" Kwa hoja kama hiyo hata mimi nawe tunaweza kufungwa maisha.

Sisemi kwamba lawama ni ya wahubiri peke yao. Tangu Mei 2020 serikali yetu ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila kutangaza takwimu za korona, na Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu. Askofu Josephat Gwajima wa Kanisa la Ufufuo na Uzima, wakati huo Mbunge wa Kawe, akawa anahubiri dhidi ya chanjo hiyo, na Agosti 31 Bunge likamsimamisha kwa mikutano miwili kutokana na kauli zake. Nionavyo mimi, kumsimamisha mtu si kumjibu. Ukimya wa wakubwa ni shamba la uvumi, na adhabu ni mbolea yake. Lakini serikali ikikosea, kanisa halipati kibali cha kukosea pia. Kanisa limepewa amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na sioni mahali amri hiyo iliposamehewa kwa sababu msemaji ana kipaza sauti.

Maandiko yenyewe yako upande wa mwenye kuuliza. Torati haikubali shitaka kwa shahidi mmoja. Inataka wawili au watatu. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo ya Mitume kwa sababu walimsikiliza Paulo kisha wakaenda kuchunguza kama ndivyo. Na katika Isaya, sura ya 8, nabii anaonywa asiite njama kila kitu ambacho watu wanakiita njama, wala asiogope wanachokiogopa. Paulo alikaguliwa, mchungaji wetu wa ukumbi wa kupanga ni nani hata asikaguliwe?

Tena hofu hii ina wafanyabiashara wake. Marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, alikuwa Freemason na hakuficha. Alijieleza hadharani mara nyingi. Hata hivyo vijana wetu wamefundishwa kwamba utajiri wote, kuanzia wa mwanamuziki hadi wa mwenye daladala, unatoka huko kwa siri. Matokeo yake tunayaona kwenye nguzo za umeme: karatasi zenye namba ya simu, zikiwaalika watu wajiunge na Freemason watajirike. Kijana anatuma "ada ya kujiunga", na namba inazimwa. Mhubiri amewafanyia matapeli matangazo bila malipo.

Na mwisho wa njia hii tumeuona kwa majirani. Huko Malindi, Kenya, mhubiri Paul Mackenzie alihubiri dhidi ya shule, dhidi ya hospitali, na dhidi ya Huduma Namba ya mwaka 2019 akisema ni alama ya mnyama. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, mingi ya watu waliokufa kwa kufunga kula, na watoto wakiwamo. Amekana mashitaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba mwalimu ni adui, daktari ni adui na serikali ni adui, amebakiwa na nani wa kumwokoa siku mhubiri mwenyewe atakapokosea?

Basi nawashauri waumini wenzangu wa Chang'ombe. Mchungaji akitoa habari kama hizo, msimzomee. Mngojeni ibada iishe, mmwamkie kwa heshima yake, kisha mmwulize mambo matatu: Nani amelisema? Ushahidi wake uko wapi? Na lisipokuwa kweli, nani ataumia? Kama hana jibu la tatu, mjibuni ninyi, maana watoto ni wenu.

Nanyi wachungaji, kabla hamjalinena neno juu ya sindano, mwiteni muuguzi mmoja, pengine yumo humohumo katika kwaya yenu, mmpe dakika kumi mbele ya watu. Aulizwe, ajibu. Mkimnyima hizo dakika kumi, waumini wana haki ya kujua mnaogopa nini.