UKURASA WA BWANA SHAMBA: Maua ya Manjano Yote Si Mchunga



Mvua zikinyesha, mashamba yetu hujaa maua madogo ya manjano. Wengi wetu tukiyaona tunasema, "Huo ni mchunga." Mama anachuma mboga. Baba anapiga jembe. Mtoto anakata majani ya sungura. Kumbe mimea hiyo si ya aina moja. Mmoja ukikatwakatwa kwa jembe unaongezeka. Mwingine ukiachwa utoe mbegu unaenea. Mwingine ukiliwa unaharibu ini. Mwezi huu tujifunze kuitofautisha.

Mimea hii yote ni ya jamii ya alizeti. Katika jamii hii, kile tunachokiita ua moja ni kundi la maua madogo mengi. Tazama alizeti. Pembeni kuna maua yenye ulimi mrefu wa manjano. Katikati kuna duara lenye maua madogo sana, na hapo ndipo punje hutokea. Kumbuka jambo hili, litatusaidia.

MCHUNGA WENYEWE

Mchunga wetu wa kawaida wataalamu huuita Launaea cornuta. Majani yake ni marefu, laini, hayana miiba. Karibu na shina jani huwa na vipande vilivyochomoza kama pembe. Neno cornuta katika Kilatini maana yake ni "yenye pembe". Shina lina uwazi ndani. Ukilikata, linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Ua lake lote ni ndimi za manjano hafifu. Halina duara la katikati kama la alizeti.

Sasa fukua udongo. Utaona mashina meupe yanayotambaa chini kwa chini. Hapo ndipo penye kazi. Ukiyakatakata kwa jembe na kuyaacha shambani, vipande vinachipua upya. Ndiyo maana mtu anapalilia mara mbili, na bado mchunga umejaa.

NDUGU ZAKE WAWILI

Mimea ya Sonchus nayo ina utomvu mweupe na maua ya ndimi tupu. Asili yake ni Ulaya na nchi jirani, lakini siku hizi imeenea duniani. Watu wengi huiita mchunga pia. Tazama jani mahali linaposhika shina. Jani la Sonchus hulikumbatia shina kwa masikio mawili.

Masikio yakiwa yamechongoka, na jani likiwa laini, hiyo ni Sonchus oleraceus. Masikio yakiwa ya mviringo, na ukingo wa jani ukichoma vidole, hiyo ni Sonchus asper. Zote mbili huliwa, ila majani ya asper yachumwe yakiwa machanga, kabla miiba haijakomaa.

Ukiing'oa Sonchus hutaona mashina yanayotambaa. Ina mzizi mkuu mmoja. Lakini mmea mmoja unaweza kutoa maelfu ya mbegu zenye manyoya, na upepo huzipeleka mbali.

WENYE SUMU

Sehemu za milimani hasa, kuna mimea iitwayo Senecio. Maua yake ni ya manjano, na mbegu zake zina manyoya meupe vilevile. Ndiyo maana watu hudanganyika. Lakini ukikata shina, hutaona utomvu mweupe. Na katikati ya ua kuna duara, kama alizeti ndogo.

Mimea mingi ya Senecio ina sumu inayoharibu ini la watu na mifugo. Sumu hii haionekani siku ileile. Ng'ombe anaweza kukonda na kufa wiki nyingi baada ya kula. Watoto wadogo wamo katika hatari zaidi. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kukausha majani hakuiondoi.

TUFANYE NINI?

Kwa mchumaji wa mboga: kata shina kwanza. Kama hakuna utomvu mweupe, huo si mchunga; acha. Kama upo, usiishie hapo. Hata mnyaa una utomvu mweupe, nao huunguza macho. Tazama na jani, kisha tazama na ua. Usipokuwa na hakika, usipike.

Kwa mpalizi: kama ni mchunga wenye mashina ya chini, fukua kwa uma wa shamba. Yakusanye mashina yote, uyaanike juani mpaka yakauke kabisa. Usiyatupe mabichi kwenye shimo la mboji. Rudia kila yanapochipua, mpaka mmea uchoke. Kama ni Sonchus, ng'oa kabla maua hayajageuka manyoya.

Kwa mfugaji: Senecio ikiwa malishoni, ing'oe. Usiichanganye na majani ya kulisha ng'ombe zizini.

Hatusemi mchunga uishe kabisa. Ni mboga nzuri wakati mboga nyingine ni haba. Wasioupenda uchungu huuchemsha, humwaga maji, kisha huupika kwa karanga au tui la nazi. Tunachosema ni kwamba ujue unachochuma.

Ukikuta mmea usioujua, ung'oe mzima, pamoja na mizizi na ua. Mpelekee bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Jani moja peke yake halitoshi. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kukatakata mchunga kwa jembe hakuumalizi?
2. Taja mambo mawili yanayotofautisha mchunga na Senecio.
3. Nendeni shambani pamoja. Tafuteni maua ya manjano ya aina mbili. Yanafanana wapi? Yanatofautiana wapi?