KALEMIE IKO NA KITU YA KUONYESHA MUGENI



Kila mara likizo ikikaribia tunasikia wenzetu wakisema: "Kalemie iko na nini? Mutu anayetaka kuona muji aende Lubumbashi." Sisi wa mwaka wa sita hatukubali neno hili, na tunaeleza hapa sababu.

Kwanza, ziwa lenyewe. Tanganyika inapita metre 1.400 kwenda chini. Katika dunia yote ni ziwa moja tu linaloipita kwa urefu wa chini, ni Baikal kule Urusi. Inchi 4 zinaigawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Lakini mulango wa maji kutokea ni moja tu, na uko hapa kwetu: mto Lukuga. Maji yanaingia Lualaba, yanafuata mto Kongo mpaka baharini. Cameron alifika Lukuga mwaka 1874, Stanley akafika 1876, na hawakupatana kama maji inatoka ao haitoki. Leo mugeni anajionea kwa macho yake.

Pili, historia. Zamani muji huu uliitwa Albertville, na reli ya kutoka Kabalo ilifika 1915. Mwaka ule ule, mwezi wa 12, Waingereza walishusha majini hapa kwetu mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilitoka Ulaya kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa reli na kwa kukokotwa porini. Tarehe 26 zilikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 ya mwezi wa 2, 1916, meli nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazama. Ni wanafunzi wangapi kati yetu wanaoweza kumuelezea mugeni mambo hayo?

Tatu, uhai wa kando ya maji. Mugeni ashuke bandarini, aone mizigo na watu wa Kigoma. Usiku wa giza wavuvi wanaingia na taa zao, na kutoka mulimani mutu anaona ziwa yote inawaka. Lakini tumushauri vizuri: mwezi ikiwa kubwa, taa haiite samaki sana, na wavuvi wengi wanabaki nyumbani. Basi achague siku zake. Asubuhi ataona ndagala zinaanikwa na mikebuka inakaangwa. Hiyo njo mugeni anafuata. Nyumba za gorofa aliziacha kwao.

Wengine wanajibu: "Serikali ijenge kwanza hoteli na barabara." Ni kweli, vyote viwili vinatakiwa. Lakini kuna kitu inamufukuza mugeni ambayo haingoje serikali. Kando ya ziwa watu wanajisaidia, wanatupa masashe, na pale pale wanachota maji ya kunywa. Kolera inajulikana Kalemie tangu myaka mingi. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, maji yakaingia katika nyumba za watu, na uchafu wote ukachanganyika. Mugeni akigonjwa, hatarudi tena, na ataambia wenzake. Atakayepoteza ni mama anayekaanga samaki, ni kijana wa pikipiki, ni mubeba mizigo wa bandari. Na zaidi ya mugeni, wadogo wetu wanakunywa maji hiyo kila siku. Tukisafisha kwa ajili ya mugeni, tunajisafishia sisi wenyewe.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Moja: kila siku ya posho darasa moja, kwa zamu, lifagie kando ya ziwa tangu pale tunapoogea, na makapita wawe wa kwanza kushika fagio. Mbili: walimu wa historia watupatie somo moja juu ya Lukuga na vita ya ziwa, mbele ya likizo kubwa. Tatu: tuache kumufuata mugeni nyuma tukiomba franga. Tumusalimu, tumuonyeshe njia, tumuelezee. Akitaka kutoa kitu, anunue samaki kwa mama zetu.

Anayeona kwamba tumekosea atuandikie, tutamujibu katika gazeti linalofuata. Lakini aje kwanza na fagio siku ya posho.

Kapita mukubwa wa shule,
kwa jina la mwaka wa sita