Mwenye nyumba wa Dodoma, andikiana na mpangaji wako

Dodoma imekuwa mji wa wapangaji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini vyumba vilianza kugombewa baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahama kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa; ile ya 2022 ilikuta watu 765,179 katika jiji. Watumishi wanaofanya kazi Mtumba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, mafundi na wafanyabiashara wamepanga Nkuhungu, Kisasa, Ilazo, Nzuguni na Ng'ong'ona, na nyumba nyingi wanazoishi zilijengwa kidogo kidogo kwa kiinua mgongo, mkopo wa mshahara au fedha za mavuno. Kwa wenyewe, kodi ya nyumba hizo ndiyo tegemeo la uzeeni. Hata hivyo wengi huzikabidhi kwa mgeni aliyeletwa na dalali, bila hata mstari mmoja wa maandishi. Wanaamini mkataba ni karatasi ya kumlinda mpangaji. Nasema kinyume chake: wa kwanza kulindwa na mkataba huo ni mwenye nyumba.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984, iliyokuwa ikiingilia mengi kati ya wawili hawa, ilifutwa mwaka 2005. Kilichobaki ni makubaliano yao, na pale yanapokosekana, masharti ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Sheria hii inaruhusu pango la mwaka mmoja au pungufu lifanyike kwa mdomo, na ruhusa hiyo imewapumbaza wengi. Muda wa upangaji usipotajwa wala utaratibu wa notisi usipowekwa, sheria huutazama upangaji kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, na notisi ya kuuvunja haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Basi anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo bila mkataba, siku akiitaka nyumba yake ili aiuze au mwanawe ahamie, anaweza kuambiwa notisi yake ni miezi sita. Sentensi moja ya kukubaliana notisi ya mwezi mmoja ingemwepusha na yote hayo.

Kuna pia suala la ushahidi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu. Likishindwa, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Wewe unasema kodi ni laki mbili kwa mwezi, yeye anasema laki na nusu. Wewe unasema sinki lilikuwa zima, yeye anasema alilikuta limepasuka. Kodi ya majengo, ambayo ni wajibu wa mwenye jengo, hukatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021, na mpangaji anayenunua umeme anaweza kudai uirudishe. Bili ya maji ya DUWASA inakuja kwa jina lako hata kama aliyeyatumia amehama usiku. Kwa hiyo mkataba wa maana hutaja majina na namba za vitambulisho vya NIDA, kiasi cha kodi na tarehe ya kuilipa, muda, notisi, nani analipa maji na umeme, nani anafanya ukarabati gani, na kama mpangaji anaweza kumpangisha mtu mwingine. Uambatanishwe na orodha ya hali ya kila chumba siku ya kukabidhiana funguo, iliyosainiwa na wote wawili mbele ya mashahidi.

Wapo watakaosema kodi ya miezi sita au mwaka kabla ya kuingia ni kinga tosha. Fedha hiyo inalipia muda ule tu. Ugomvi huja mwezi wa saba, mpangaji anapokaa bila kulipa na bila kuondoka. Hapo wengine hufunga kufuli au kutoa vitu nje, na kumpa mpangaji sababu ya kuwashtaki wao. Wengine huogopa TRA. Lakini mapato ya pango yanatozwa kodi hata yasipoandikwa popote, na ushuru wa stempu kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa nyumba ya laki mbili kwa mwezi ni shilingi 24,000, gharama ndogo kwa hati ambayo pasipo stempu haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Hoja yenye uzito zaidi ni ya kuaminiana: kwamba kumwandikisha mtu ni kumshuku. Naiheshimu, kwa kuwa mitaa yetu imeishi kwa kuaminiana. Lakini uaminifu hauwezi kukumbuka kila kilichosemwa miaka miwili iliyopita, na hauwezi kuwafunga warithi mwenye nyumba akifariki. Mpangaji mwema naye hupata utulivu anapojua hatapandishiwa kodi ghafla.

Halmashauri ya Jiji inaweza kusaidia kwa kuweka katika ofisi za mitaa fomu ya mkataba wa pango iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Hakuna haja ya kuisubiri, hata hivyo. Anayepangisha leo aandike leo, na aliyekwisha kupangisha kwa mdomo akae na mpangaji wake siku ya kupokea kodi ijayo, waandike wanachokubaliana wakiwa bado wanaelewana.