Kitanda Chetu cha Magurudumu Mawili

Msimu wa korosho umeshika kasi huku Kusini, na mimi nimerudi Dar na vumbi jekundu kwenye begi na kovu la grenda kwenye kidole. Ndiyo, grenda. Mhariri wako alikuwa saidia fundi.

Mnaonifuatilia hapa mnajua mume wangu alihamishiwa Nachingwea kikazi, mimi nikabaki Dar na dawati langu. Huu mwaka wa pili tunaishi ndoa ya simu. Tukikutana, nusu ya likizo inaishia kwao, kijijini Ruangwa, maana msimu wa korosho huwezi kumwachia mama mkwe shamba peke yake. Mama mkwe nampenda. Tatizo ni nafasi. Nyumba ina vyumba viwili, wajukuu wamejaa, na usiku sisi wawili tunabanana na watoto wanaorusha mateke mpaka alfajiri. Miezi mitatu hamjaonana, mkionana hamwezi hata kunong'ona. Wenye ndoa mnanielewa.

Basi bwana, mwezi wa nane nashuka kwenye basi Nachingwea, nafika nyumbani, nakuta uani kuna lundo la vyuma. Skwea paipu, engo aini, ekseli ya gari, na springi zimelala kama mbavu za ng'ombe.

"Nini hiki?"

"Chumba chetu," mume wangu akasema, anacheka peke yake.

Alikuwa anatengeneza tela la kulala porini. Unalifunga nyuma ya pickup, unaondoka na kitanda, jiko na maji. Wazo bomba, sikatai. Nikauliza hela imetoka wapi. Kimya. Nikauliza tena. Ilikuwa hela ya dari la nyumba yetu ya Dar, milioni moja na laki nane, tuliyoiweka pamoja kidogo kidogo.

Usiku ule tulilala mgongo kwa mgongo. Mzee wangu, alikosea. Nia ilikuwa nzuri, lakini nia nzuri bila kuuliza tunaijua. Nachingwea hii hii, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya Uingereza ilileta mpango mkubwa wa karanga, na matrekta, na reli kutoka pwani. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Mtu akianza na chuma kabla ya kuuliza, ndiyo matokeo yake.

Asubuhi akaja jirani yetu, mzee anayeunda matela ya pawatila. Akaniona nimenuna. "Mama," akasema, "chuma kikishakatwa hakirudi kuwa kizima. Mkigombana mpaka mvua zianze, mtabaki na kutu na ugomvi."

Nikaweka masharti. Daftari moja, kila shilingi inaandikwa. Kila kitu kinachonunuliwa, tunakubaliana wawili. Hela ya dari inarudishwa kila mwezi kutoka mshahara wake. Na ndani ya tela napanga mimi. Akakubali yote manne, nikavaa suruali yake kuukuu, tukaanza kazi.

Sasa nikupe mwenyewe ufundi, maana najua wapo mtakaotaka kujaribu.

Ekseli ilitoka kwenye pickup iliyokufa ya aina ile ile kama yetu. Maana yake ringi ni zile zile, tairi moja la akiba linatosha gari na tela. Porini hiyo ni roho yako. Springi za pickup ni ngumu mno kwa tela jepesi, litarukaruka kama mbuzi na kuvunja kila kitu. Fundi akapunguza majani, akabakiza yanayotosha uzito wetu, kisha akafunga shokapu.

Chesesi ni skwea paipu nene, mbele imekutana kama herufi A, kwenye kona zote kuna vipande vya kuongeza nguvu. Ekseli haikai katikati kabisa, inarudi nyuma kidogo, ili pua ya tela ilalie gari. Kipimo cha fundi ni kama sehemu moja ya kumi. Tela na mizigo likiwa kilo 400, pua isukume chini kama kilo 40. Tulipima kwa mizani ya kuazima ya mfanyabiashara wa ufuta.

Bodi ni bati nene. Nyuma kuna mlango unaolala chini na kugeuka meza ya jiko la gesi. Juu ni fremu ya turubai na godoro la nne kwa sita. Milango tuliizungushia mpira wa milango ya gari bovu, kwa sababu vumbi la barabara za mashambani linaingia hata mahali sindano haipiti. Taa za nyuma, viakisi mwanga, na mnyororo wa usalama tukaweka, ili kichwa cha kukokotea kikichomoka tela lisiende zake.

Siku ya kwanza njiani tuliumbuka. Mwendo haukufika hata 60, tela likaanza kucheza mkia, kushoto kulia, pickup nayo inafuata. Nikapiga kelele asimame. Mwenzangu anasema ni barabara, nami nasema ni tela. Aliondoa mguu kwenye mafuta taratibu mpaka likatulia, tukashuka, tukafungua mlango. Madumu yote ya maji, tairi la akiba na jiko vilikuwa nyuma kabisa. Nani alipanga ndani? Mimi.

Hakusema neno. Mpenzi msomaji, hapo ndipo hasira yangu ya dari ilipoanza kuyeyuka. Tukayahamishia madumu juu ya ekseli, tairi tukalifunga mbele, tukaondoka. Likatulia kama limelala.

Nilidhani yameisha. Tukafika Ruangwa, tukaliegesha chini ya mkorosho, hatua chache kutoka mlangoni kwa mama mkwe. Akalizunguka mara mbili, akakaa kwenye kigoda.

"Nimewakosea nini, wanangu, mpaka mlale nje kama wapita njia? Majirani watasema nimemfukuza mkwe."

Nilikosa pa kuweka uso. Tulipima kila kitu na mizani, yeye hatukumuuliza. Mume wangu alitaka kueleza habari za nafasi, nikamkanyaga mguu. Usiku ule tulilala ndani, na watoto na mateke yao. Asubuhi nilikwenda naye kuokota korosho, sisi wawili tu, nikamwambia ukweli: "Mama, mwanao namwona kwa mwaka siku za kuhesabu. Nyumba yako haina kosa. Mimi namtafuta mume wangu." Akaendelea kuokota kimya kwa muda mrefu. Kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Kumbe ni hilo? Si ungesema!"

Tukakubaliana. Chakula kwake, maongezi ya jioni barazani kwake, usiku wa kwanza na wa mwisho ndani kwake. Zilizobaki, chini ya mkorosho. Na siku ya kupeleka korosho kwenye ghala la chama cha msingi, tulitoa godoro, tukapakia magunia yake manne. Mama akapanda mbele, dirisha wazi, anasalimia kijiji kizima. Siku hizi akilitaja anasema "tela letu".

Kama nawe unataka kuanza, haya ni ya kuzingatia:

Kaeni pamoja mpange bajeti kabla ya kununua hata nati moja.

Tafuta fundi anayeunda matela kila siku, na wewe uwe msaidizi wake. Kichwa cha kukokotea na maungio ya chesesi si mahali pa kujifunzia kuchomelea.

Ukichomelea chuma chenye mipako ya zinki, kwangua mipako kwanza na fanya kazi kwenye hewa ya wazi. Moshi wake ni sumu.

Tela letu halina breki zake, hivyo tunakwenda polepole na hatujazi kupita kiasi. Lako likiwa zito, weka breki.

Tela nalo linasajiliwa TRA na kupewa namba yake. Maliza hilo kabla ya kuingia barabarani.

Dari la Dar bado. Daftari linasema tumerudisha laki tatu. Nikilala nyumbani natazama mabati, nakumbuka turubai na korosho zikidondoka juu yake usiku, to, to, to. Simu ya mume wangu ikiita namuuliza kwanza habari za tela, halafu zake. Analalamika kidogo.

Tukutane mwezi ujao. Mwambie mwenzio unachokitaka, na mkwe wako pia.

Wako,
Mhariri