Usinunue hisa za sola gizani

Katika maduka ya Namanga, Busia na Rusumo, paneli za sola na betri zake ni bidhaa ya kawaida. Mfanyabiashara anayeziuza anajua kuwa zinatoka, hivyo ni rahisi kuamini kwamba hata hisa za kampuni za sola zitamlipa. Tunamshauri asiharakishe. Bidhaa kupendwa ni jambo moja, kampuni kupata faida ni jambo jingine.

Mfano tunao. Mobisol ya Ujerumani iliuza mitambo ya sola Tanzania, Rwanda na Kenya kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu. Wateja iliwapata kwa maelfu, lakini mwaka 2019 ilifilisika, kisha ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Huko Marekani, SunPower iliyokuwa kwenye soko la hisa nayo ilifilisika Agosti 2024.

Biashara hii ina mtego wake. Mitambo hununuliwa kwa dola, ilhali mteja hulipa kwa shilingi au faranga kwa miezi mingi. Sarafu ikishuka, au mavuno yakiwa mabaya na wateja wakachelewa kulipa, kampuni ndiyo inayobeba pengo. Ikifilisika, wadai hulipwa kwanza. Mwenye hisa hungoja kitakachobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Kuna jingine la kujua. M-KOPA, Sun King na d.light, zinazofahamika kwa kukopesha sola katika ukanda wetu, hazijaorodheshwa katika masoko ya hisa ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala wala Kigali. Basi anayekuletea "hisa" zake kwa ujumbe wa simu, muulize leseni yake. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako ina orodha ya madalali waliosajiliwa. Kama hayumo, usimtumie hata senti.

Njia halali zipo. Mwaka 2023, Benki ya CRDB ya Tanzania iliuza Hatifungani ya Kijani kwa ajili ya miradi rafiki kwa mazingira, ikiwemo ya nishati jadidifu. Kiwango cha chini kilikuwa Sh500,000 na riba asilimia 10.25 kwa mwaka. Zilikusanywa zaidi ya Sh171 bilioni. Mwenye hatifungani humkopesha mtoaji kwa riba inayojulikana tangu mwanzo. Mwenye hisa hushiriki faida na hasara.

Serikali zetu nazo zina deni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iliahidi mitaji kuvuka mipaka kwa uhuru. Muuza nafaka wa Busia anapaswa kununua hatifungani ya Dar es Salaam bila usumbufu, kama anavyovusha magunia yake. Njia halali ikiwa ngumu, matapeli ndio wanaonufaika. Mamlaka zirahisishe taratibu, na mfanyabiashara aulize kabla ya kutoa mtaji wake.