Kahawa ya Mbinga na iuzwe kwa barua

Mkulima wa Umatengo huichuma kahawa yake, huimenya, huiosha na kuianika, kisha humtoka mikononi ikiwa bado haijaonja moto. Ikaangwapo na kutiwa katika pakiti, tayari ni mali ya mtu mwingine wa mji mwingine.

Vikundi vya wakulima vinavyotaka kukaanga wenyewe hukwama penye soko. Pakiti mia mbili haziwezi kulipia tangazo la redio. Yafaa basi kuijaribu barua. Si barua ya salamu, bali ile inayomtaka msomaji ajibu. Na ieleze kahawa imetoka kijiji gani, imekaangwa lini, bei yake ni kiasi gani pamoja na nauli ya mzigo, na chini yake iwe na fomu ya kuagizia. Huko Marekani, Richard Sears alianza hivyo mwaka 1886 kwa kuuza saa kwa njia ya posta. Faida yake kubwa ni hesabu. Zikipelekwa barua 50 zenye bei ya robo kilo na 50 zenye bei ya nusu kilo, majibu yenyewe yatasema lipi lifungashwe. Redio haikuambii hayo.

Zitapelekwa kwa nani kama si kwetu walimu na watumishi, wenye mshahara wa mwezi na sanduku la posta la ofisi? Hapo ndipo penye taabu, maana tumekwisha kuchoshwa. Simu zetu zimejaa "ile hela tuma kwa namba hii", dawa za kila ugonjwa, na mikopo ambayo riba yake imefichwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa hiyo kikundi kisiende kuomba orodha ya walimu kwa karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa kutumiwa matangazo ya namna hiyo. Kiweke birika na daftari sokoni siku ya gulio. Aliyekunywa akapenda, aandike mwenyewe jina na anwani. Wenye dagaa wakavu wa Liuli na Mbamba Bay waweza kufanya vivyo hivyo, kwani kilomita 66 za kwenda Mbinga sasa ni lami.

Barua iahidi pia kwamba pakiti isiyoridhisha itapokewa na fedha zitarudishwa. Mwalimu wa Kiswahili akiletewa rasimu asiikatae; wanachama wengi ni wazazi wa wanafunzi wake.